Uji wa Mgonjwa Usiwe Maji: Niliyojifunza Nikilea Watoto Mtwara

Huku kwetu ukisema mtoto anaumwa, kabla hujamaliza kueleza utaulizwa: "Umemkorogea uji?" Uji ndio chakula cha mgonjwa tangu enzi za bibi zetu, na mimi sina ugomvi na uji. Shida yangu ni jinsi unavyopikwa siku ya ugonjwa. Unga vijiko viwili, maji sufuria nzima, sukari, basi. Mtoto anakunywa kikombe, tumbo linajaa, watu wa nyumbani wanashukuru kwamba amekula. Kumbe alichopata ni maji ya moto yenye utamu.

Nimelea watoto wangu na wa ndugu zangu, wengine hapa mjini Chikongola, wengine nilipokuwa nikiishi ukweni Newala. Kama kuna jambo moja ninalotamani kila mama kijana alishike, ni hili: mtoto anayeumwa apewe chakula kidogo kidogo, mara nyingi, na hicho kidogo kiwe na nguvu ndani yake.

Sababu yake si ngumu. Homa ni kama jiko la mkaa linalopepewa, mkaa unakwisha upesi. Mwili wa mtoto unatumia nguvu nyingi kuliko siku zote, na wakati huohuo hamu ya kula imempotea. Tumbo lenyewe ni dogo. Mtoto wa kilo 8 hawezi kubeba zaidi ya mililita 240 hivi kwa mlo mmoja, yaani kikombe kimoja cha kawaida. Ukikijaza kikombe hicho maji, umeitumia nafasi yote uliyokuwa nayo, na itabidi usubiri saa kadhaa kabla hajakubali tena.

Mama mkwe wangu hakusoma darasa la lishe, lakini hilo alilijua vizuri. Wifi yangu alipomletea mwanawe uji mwepesi, mama mkwe alichota kijiko, akakiinua, akautazama unavyotiririka, akasema, "Mwanangu, huu ni wa kusuuzia koo. Sasa mpikie wa kula."

Yeye alikuwa anachukua chenga za mchele, anazilowesha, anazitwanga na kuchekecha. Anakuna nazi, anakamua tui zito analiweka pembeni, kisha anatia maji kwenye machicha na kukamua tui la pili. Uji unapikwa kwa tui hilo la pili. Ukishaiva ndipo anamiminia lile zito, anakoroga bila kuacha mkono ili lisikatike, linachemka kidogo, anaepua. Chumvi chembe tu. Siku ambayo nazi hakuna, alikaanga karanga, akaziambua, akazitwanga mpaka zikaanza kutoa mafuta, na hizo ndizo zikaingia kwenye uji. Au ufuta. Kitu fulani chenye mafuta lazima kiingie. Baadaye muuguzi wa kliniki alitueleza jambo hilohilo kwa lugha yake: gramu moja ya mafuta inabeba nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya unga. Kwa hiyo kijiko cha tui zito au cha karanga kinafanya kazi ambayo unga peke yake ungehitaji bakuli kubwa, na bakuli kubwa mtoto mgonjwa halimalizi.

Kuna wanaosema uji mzito unamkaba mtoto. Ni kweli, mtoto mwenye homa hataki kitu kinachomshika kooni. Hapo dawa yake ni kimea. Loweka ulezi, uoteshe kwenye kitambaa chenye unyevu mpaka uchipue, uanike, ukishakauka pukuchua vile vimizizi na machipukizi vyote vitoke, ndipo usage. Pika uji mzito kabisa, uepue, uache upungue moto kidogo, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea na ukoroge. Ndani ya dakika chache uji unalegea wenyewe, unakuwa wa kunyweka, na unga wote umo mlemle. Urudishe motoni uchemke tena, kisha mpe. Wanaotengeneza togwa wanakijua kimea siku zote. Ni kukileta tu kwenye chungu cha mtoto.

Nikifika kwenye korosho huwa moyo unaniuma. Mtwara na Lindi ndiyo mikoa inayotoa sehemu kubwa ya korosho za nchi hii. Kuanzia Oktoba magunia yanapita barabarani kwenda maghalani, redio inasoma bei za mnada, kila nyumba inapiga hesabu ya malipo. Halafu ndani ya nyumba hiyohiyo mtoto anatoka kwenye malaria kwa uji wa sembe mtupu. Sisemi watu wasiuze, ada za shule na mabati vinatoka hapo. Nasema bakisha debe. Au nunua vipande kwa akina mama wanaobangua, maana vipande ni rahisi kuliko korosho nzima na kwa kutwanga ni kitu kilekile. Zikaange vizuri, zitwange ziwe unga, weka kwenye kopo lenye mfuniko, kidogo kidogo ili zisichache. Kijiko kimoja au viwili ndani ya uji vinatosha. Kama unabangua mwenyewe, kuwa mwangalifu: mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, sembuse midomo ya mtoto. Na mtoto mdogo usimpe korosho au karanga nzima atafune, hasa akiwa na kikohozi, inaweza kumpalia. Karanga zilizokunjamana, zenye ukungu au zinazochoma kwa uchungu ulimini zitoe kabisa, usiseme "nitazikaanga zitakuwa sawa". Sumu ya ukungu ule haiondoki kwa kukaanga.

Wakati wa masika, mvua zinapokolea kuanzia Desemba hadi Aprili, ugonjwa wa huku ni homa. Kwanza kipimo, sitachoka kulisema hilo, maana si kila homa ni malaria. Ikionekana ni malaria, mtoto anapewa dawa mseto ya ALu, na hapa chakula na dawa vinakutana kwa namna ambayo wengi hawaambiwi. Dawa mseto inafyonzwa vizuri mwilini ikikuta mafuta tumboni. Akimeza na maji matupu, tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa ya dawa inaweza kupita bila faida. Sasa fikiria mtoto ambaye tangu jana hajala, mama anamshindilia vidonge na maji ya kikombe kwa sababu "hataki chakula". Si lazima ale sahani. Maziwa ya mama yana mafuta ya kutosha kwa kazi hiyo, au vijiko vichache vya uji wa tui, au maziwa ya ng'ombe kidogo kwa mtoto aliyevuka mwaka. Dozi ya pili ni baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, dozi 6 kwa jumla. Kila dozi itanguliwe na hicho kidogo chenye mafuta. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, rudi ulikopewa dawa uwaeleze. Usijikadirie mwenyewe.

Nimeona nyumba ambazo mtoto akikataa uji anashikwa, anabanwa pua, anamiminiwa kwa kiganja mpaka ameze. Wanaofanya hivyo wanampenda mtoto wao, nalijua hilo, wanaogopa atakufa njaa. Lakini mtoto anayelia huku anamiminiwa, uji unaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Na hata usipoingia, kesho yake akiona kikombe tu anafumba mdomo. Mimi huwa namweka mapajani, uso wake unanitazama, natumia kijiko kidogo, namsubiri. Akigeuza kichwa napumzika, namnyonyesha au namwimbia, baada ya robo saa najaribu tena. Ni kazi ya kuchosha, inakula siku nzima, na ndiyo maana nasema mama mwenye mgonjwa asiachiwe peke yake kuchota maji na kupika kwa watu wote. Msaada mkubwa niliowahi kupewa na mume wangu wakati wa ugonjwa wa mtoto ni kukaa na kile kijiko.

Mtoto mwenye degedege, au ambaye hajazinduka sawasawa, usimtie kitu chochote mdomoni. Si uji, si maji, si dawa ya majani. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitali.

Maembe yanapoiva, inzi wanajaa, na hapo kunakuja kuharisha. Wifi yangu aliyeolewa Lindi alikuwa na mtoto wa miezi kumi aliyeanza kuharisha asubuhi, mpaka jioni macho yamezama. Wazee wa nyumba ile walisema, "Mwacheni, tumbo lipumzike." Wakamzuia kunyonya, kwa kuwa kila akinyonya anaharisha. Niliwajibu kwa adabu, maana ni wakubwa zangu, lakini sikunyamaza. Anaharisha akinyonya na anaharisha asiponyonya. Tofauti ni kwamba akinyonya kuna kinachobaki. Bibi wa mtoto alifikiri kidogo, akasema, "Basi mpeni, lakini na dawa ya zahanati aletewe." Na ndivyo ilivyopaswa kuwa, vyote viwili.

Kwa hiyo: maziwa ya mama yaongezwe, yasipunguzwe. Mtoto wa chini ya miezi sita abaki kwenye maziwa ya mama peke yake, pamoja na ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na dawa atakayopewa kituoni. ORS soma pakiti kwanza, nyingi ni za lita moja ya maji safi. Tumia chupa ya lita moja kupimia, usikisie kwa jagi. Iliyobaki ikipita saa 24, mwaga. Kila baada ya choo cha maji, mtoto wa chini ya miaka miwili anywe kama robo hadi nusu kikombe, mkubwa wake nusu kikombe hadi kikombe. Kwa kijiko, taratibu. Akitapika, subiri dakika 10, anza tena polepole zaidi. Na zinki. Wengi wanaacha zinki siku ya tatu kwa kuwa kuharisha kumekoma, nacho kidonge kinatakiwa kiendelee siku 10 hadi 14, kwa sababu kinaukinga utumbo usirudie ugonjwa miezi inayofuata.

Chakula hakisimami. Wali laini uliopondwa na mchuzi wa samaki, ndizi iliyoiva, papai, uji ule wa tui. Changu au tasi wa kuchemsha anafaa sana, ukimchambua miiba kwa vidole, siyo kwa macho tu. Kisamvu kilichopikwa vizuri na nazi kinafaa mtoto aliyekwisha kukizoea, ila si siku ya kwanza ya kuharisha. Ugali wa muhogo ninauweka mbali na mgonjwa, hasa kwenye miezi ya njaa ambapo muhogo mchungu huanikwa harakaharaka bila kuuandaa inavyotakiwa. Hata ulioandaliwa vizuri ni wanga mtupu. Ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kwetu, ni tamu, watoto wazima wanaipenda, lakini ngumu kwa mdomo wa mgonjwa, isubiri apone.

Watu wengi huniuliza kuhusu dafu. Dafu ni kinywaji kizuri, mtoto analikubali, na mimi humpa mtoto aliyevuka miezi sita. Lakini halina chumvi ya kutosha kurudisha ile inayotoka kwa kuharisha, kwa hiyo haliwezi kushika nafasi ya ORS. Soda na juisi za pakiti ndizo mbaya kabisa, sukari yake nyingi inavuta maji kwenye utumbo na kuharisha kunazidi. Ndugu anayekuja kumwona mgonjwa na soda mkononi amekuja kwa upendo. Pokea, shukuru, wape wakubwa.

Kuhusu maji, naongea na wenzangu wa uwanda wa Makonde. Tunajua shida yetu. Mama zetu walikuwa wanashuka bondeni kutafuta maji na kupanda mlima na ndoo kichwani, na hata leo kuna vijiji wananunua kwa ndoo. Maji yakiwa ya shida, kunawa mikono ndiko kunakokatwa kwanza. Naomba kisiwe hicho. Kopo moja la maji na kipande cha sabuni kando ya jiko, kwa ajili ya anayemlisha mtoto, linazuia ugonjwa wa pili usimkute na wa kwanza. Na uji uliolala usimpe, hata kama unga ulikuwa wa mwisho.

Upepo wa kusi unapoanza kuvuma, ni zamu ya mafua na kifua. Hapa sina mengi. Pua iliyoziba inamfanya mtoto aache ziwa kwa sababu hawezi kuvuta pumzi akinyonya, kwa hiyo safisha pua kwanza kwa kitambaa laini chenye maji ya vuguvugu, kisha mpe ziwa. Supu ya samaki ya moto kiasi, vijiko vichache vichache. Asali kidogo hutuliza kikohozi kwa aliyevuka mwaka mmoja, lakini chini ya mwaka hata tone usimpe, inaweza kumletea sumu mbaya ya mishipa ya fahamu. Mwenye vidonda mdomoni mwondolee ndimu, machungwa, chumvi na kila kinachochoma. Mpe mtindi, papai, uji uliopoa. Ikiwa ni surua, usimtibu nyumbani, kituoni atapewa na vitamini A pamoja na matibabu mengine.

Lipo jambo moja zito ambalo lazima niliseme kwa sababu limeficha watoto wengi ndani. Mtoto akikonda baada ya kuumwa, watu husema amebemendwa. Yaani wazazi wamekutana kabla ya wakati. Basi mama anaona haya kumpeleka kliniki, anaogopa macho ya wenzake, anamwachisha ziwa ili "asimuharibu zaidi", na baba anakaa mbali. Nimemwona mama wa namna hiyo kwa jirani yangu, amemfunika mtoto kwa kanga mbili mchana wa jua. Nilikaa naye nyuma ya nyumba tukaongea mpaka alipokubali twende pamoja. Muuguzi alimzungushia mtoto ule utepe wa rangi mkononi, ukasoma eneo jekundu, chini ya sentimita 11.5. Huo ni utapiamlo mkali, na una matibabu yake, na chanzo chake ni ugonjwa juu ya ugonjwa bila chakula cha kutosha katikati. Mtoto yule alipewa chakula dawa, akarudi kila wiki kupimwa, akanyanyuka. Mama yake hakuwa na kosa lolote la kufichwa. Natamani bibi na mashangazi, ambao ndio wanaosikilizwa, walitamke hilo hadharani kwenye ngoma na misibani: mtoto aliyekonda apelekwe kliniki siku hiyohiyo, na mama yake asinyooshewe kidole.

Dalili za kumtoa mtoto jikoni na kumpeleka kituoni bila kusubiri asubuhi zikumbukeni: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea na haamki vizuri. Pia damu kwenye choo, au ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi. Njiani, kama anaweza kumeza, endelea na ziwa na ORS.

Halafu kuna kipindi ambacho karibu kila nyumba inakisahau, nacho mimi nakiona ndicho kinachoamua mtoto atakuwaje. Homa imeshuka, mtoto anacheza, watu wanarudi shambani, na sahani inarudi ilivyokuwa. Lakini mwili wake una deni. Hamu ya kula inaporudi huwa inarudi kwa nguvu, mtoto anaomba chakula hata usiku, na hapo ndipo pa kumjazia. Mlo mmoja wa ziada kila siku, kwa wiki mbili angalau, mpaka kadi ya kliniki ionyeshe uzito umerudi. Usiporudi, ugonjwa unaofuata utamkuta akiwa chini, na masika yetu hayana ugonjwa mmoja.

Mlo huo wa ziada si lazima uwe wa gharama. Yai moja lililopondwa ndani ya wali. Kunde au choroko zilizochemshwa zikalainika, zikaungwa kwa nazi. Dagaa waliokaushwa, wakatolewa vichwa, wakatwangwa na kutiwa kwenye uji wa chumvi. Kipande cha samaki cha baba kigawanywe, kwa sababu baba hajatoka kwenye malaria. Embe au papai baada ya kula.

Wifi yangu wa Lindi alinipigia simu yule mtoto alipopona, akaniambia amemaliza bakuli lake la jioni na anang'ang'ania la kaka yake, je, amzuie asije akavimbiwa? Nikamwambia amwongezee, atie na kijiko cha tui zito juu, na saa mbili baadaye akiomba tena, ampe tena.